Maisha ya Adrien Atiman, Tabibu wa Karema

Muhula huu napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye mkoa wetu wa Katavi haupaswi kumsahau. Sisi wa Kashaulili twalijua jina la Karema, mji wa kale ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Lakini si wengi wajuao kwamba huko aliishi tabibu aliyewahudumia maskini kwa muda wa miaka 67. Jina lake ni Adrien Atiman.

Atiman hakuwa mwenyeji wa nchi hii. Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alitekwa, akafanywa mtumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko, mwaka 1876, wamisionari waitwao Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtia shuleni. Baadaye alipelekwa kisiwa cha Malta kusomea utabibu. Mwaka 1888 alimaliza masomo, akafunga safari ya Afrika ya Mashariki. Kutoka pwani alifuata msafara mpaka Karema, akawasili mwaka 1889.

Mkubwa wa wamisionari hao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na shauri lake. Alitaka vijana wa Kiafrika wafundishwe utabibu, kisha waishi kama wenyeji waishivyo, waoe kwao, wasigeuzwe kuwa Wazungu. Shauri hilo lilikuwa jema, lakini mimi naliona lilikuwa na upungufu. Rangi ya ngozi peke yake haimfanyi mtu kuwa mwenyeji. Mtu wa mto Niger alikuwa mgeni kwa Wabende na Wafipa: lugha yao si yake, desturi zao si zake, na dawa zake hazikujulikana. Ilimpasa aanze kujifunza upya, ingawa alikuwa na elimu ya Malta kichwani.

Naye alijifunza. Alioa mke wa ukoo wa kichifu wa Wabende, Agnes Wansahira, akawa mkwe wa nchi. Alichunguza dawa za miti shamba zilizotumiwa na wenyeji, akazitumia pamoja na dawa za Kizungu. Kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo fundisho kubwa la maisha yake. Mgonjwa ajapo kwa tabibu haleti maradhi tu. Huleta pia hofu yake, heshima ya wazee wake, na mambo aliyofundishwa na mama yake. Tabibu aanzaye kwa kumcheka mganga wa kijiji humfanya mgonjwa afiche nusu ya habari zake, na pengine nusu hiyo ndiyo yenye ugonjwa.

Sisemi kwamba Atiman alikubali kila desturi. Alikuwa katekista vile vile, mwenye dini mpya ya kufundisha, na alitaka watu wayaache baadhi ya mambo ya zamani. Lakini kulijua jambo kabla ya kulikataa ni heshima, na kulikataa kabla ya kulijua ni dharau.

Wajerumani walitawala, wakaondoka. Waingereza wakashika nchi. Atiman alikuwa angali Karema. Mwanawe Yosefu akawa padre. Mwaka 1955 alipewa nishani ya Wellcome na Chama cha Kifalme cha Afrika cha Uingereza, na mwaka 1956 akafariki, mzee wa miaka tisini hivi. Hospitali moja ya Sumbawanga imepewa jina lake.

Kwa nini nimechagua maisha haya? Kwa sababu mkoa wetu umepokea watu wengi wa misaada, hasa tangu makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba na Mishamo yalipofunguliwa katika miaka ya 1970. Baadhi yetu tukimaliza masomo tutaajiriwa na mashirika ya namna hiyo, nasi tutatumwa vijijini kupambana na umaskini. Tutafika tumevaa vizuri, tuna vitabu na hesabu, na muda wa mpango wetu pengine hautazidi miaka mitatu. Tusidhani kwamba kwa kuwa tu Watanzania basi tumekwisha kujua kila kitu.

Nitoe mfano mmoja. Ziko jamii ambazo baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Shirika likijenga choo kimoja kwa kila nyumba bila kuuliza, mmoja wao atakwenda porini kama zamani, na ripoti itasema kijiji kizima kina vyoo. Fedha imetumika, ugonjwa umebaki. Swali moja kwa bibi mzee wa nyumba lingaliokoa yote hayo.

Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Atiman methali hiyo ilitimia, lakini ilitimia kwa sababu mgeni alikubali kwanza kuwa mwanafunzi wa mwenyeji wake. Basi, wenzangu, tuwasikilize wazazi na babu zetu wakati wa likizo, tuandike majina ya miti na sababu za desturi. Elimu hiyo haimo katika mtihani, lakini bila yake cheti chetu hakitamfaa maskini.