Chico Mendes: Mgema mpira aliyeufia msitu wa Amazon

MNAMO 1987, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilimtia Chico Mendes wa Brazil katika orodha yake ya heshima ya Global 500. Hakuwa mwanasayansi wala msomi. Alikuwa mgema mpira kutoka jimbo la Acre, pembezoni kabisa mwa nchi hiyo, na hakuwahi kuketi darasani utotoni mwake.

Jina lake kamili lilikuwa Francisco Alves Mendes Filho. Alizaliwa Desemba 15, 1944 katika shamba la mpira karibu na mji mdogo wa Xapuri. Neno shamba lisimpotoshe msomaji. Hapakuwa na miti iliyopandwa kwa safu, bali msitu wa asili, ambamo mipira huota ikiwa imetawanyika katikati ya miti mingine.

Ukoo wake ulitoka Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazil, eneo linalosifika kwa ukame. Maelfu ya watu wa huko walisafirishwa hadi Amazon kwa vipindi tofauti kugema mpira. Wimbi la mwisho lilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Japani ilipoyateka mashamba ya mpira ya Asia na Marekani ikakosa malighafi ya magurudumu. Vita vilipokwisha, soko lilianguka na wagema wakasahauliwa humo humo msituni.

Chico alianza kuandamana na babake kazini akiwa na umri wa takriban miaka tisa. Waliondoka kabla ya mapambazuko, wakafuata kijia kilichopinda kutoka mpira mmoja hadi mwingine, zaidi ya miti 100 kwa siku moja. Katika kila mti, gome lilichanjwa kwa kisu na kopo likategwa chini ya jeraha. Mchana walirudi kwa njia ile ile kukusanya utomvu, kisha jioni wakaukausha juu ya moto wenye moshi mzito hadi ukawa donge.

Kama ilivyo kwa mgema wa mnazi kule Pwani, kazi hiyo inahitaji mkono mwepesi. Ukichanja kina kupita kiasi, mti hufa na riziki yako hufa nao. Hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza la mazingira kwa mvulana huyo, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

Bwana wa shamba alinunua mpira kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na mgema alilazimika kununua chumvi, mafuta ya taa na risasi katika duka la bwana huyo huyo. Deni halikuisha. Shule nazo zilipigwa marufuku katika mashamba mengi, na sababu haikuwa fumbo: mtu anayejua kusoma na kuhesabu angelikagua daftari la madeni.

Kisomo kilimfikia Chico kupitia kwa mkimbizi. Euclides Fernandes Távora, aliyekuwa mwanajeshi na mfuasi wa itikadi ya kikomunisti, alikuwa amejificha msituni karibu na mpaka wa Bolivia baada ya kushiriki maasi yaliyoshindwa. Alipokutana na familia ya Mendes, alivutiwa na udadisi wa kijana wao na akaomba ruhusa ya kumfundisha.

Kila mwisho wa wiki, Chico alitembea kwa saa kadhaa hadi kibandani kwa mwalimu wake. Hapakuwa na vitabu vya shule, hivyo walisoma magazeti makuukuu. Baadaye ikapatikana redio, na wawili hao wakawa wakisikiliza matangazo ya Kireno kutoka London, Washington na Moscow. Jeshi lilipotwaa mamlaka nchini Brazil mwaka 1964, kijana huyo alisikia tukio moja likisimuliwa kwa namna tatu zisizopatana. Mafunzo kama hayo hata vyuo vikuu havitoi kwa urahisi.

Távora aliugua, akaondoka kwenda kutafuta matibabu mnamo 1965, na hakuonekana tena. Kabla ya hapo alikuwa amemuusia mwanafunzi wake kwamba vyama vya wafanyakazi vitakapofika Acre, ajiunge navyo, hata kama vitakuwa chini ya jicho la serikali.

Chama kilifika baada ya miaka 10. Katika miaka ya 1970, serikali ya kijeshi iliwavuta matajiri wa kusini kununua ardhi ya Amazon kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe. Mashamba ya mpira yaliuzwa pamoja na watu waliokuwamo. Msitu ulikatwa na kuchomwa, na familia za wagema zikafurushwa. Chama cha wafanyakazi wa mashambani kilipoanzishwa Brasiléia mwaka 1975, Chico alichaguliwa kuwa katibu wake.

Mwaka uliofuata wagema walibuni mbinu waliyoiita empate, yaani kizuizi. Waliposikia mlio wa misumeno ya injini, wanaume, wanawake na watoto walikusanyika, wakaingia msituni kwa mguu na kuwazingira wakataji. Hawakuwapiga. Waliwasihi waweke misumeno chini, wakiwakumbusha kwamba nao ni maskini waliokodiwa, kisha wakabomoa kambi yao. Kwa hesabu ya Chico mwenyewe, vizuizi vilifanywa mara 45, wakashindwa mara 30 na kushinda mara 15. Hata hivyo, alikadiria kwamba ushindi huo mchache uliokoa zaidi ya hekta milioni moja za msitu.

Wako wanaomchora kama mtu aliyezaliwa na mapenzi ya miti. Hiyo ni hadithi tamu, lakini si sahihi. Chico alianza kwa kutetea tonge, akaendelea kwa kutetea makao, na polepole akatambua kwamba vyote viwili vilisimama juu ya msitu. Neno mazingira liliingia katika kampeni zake baadaye, alipokwisha kuzika marafiki.

Wa kwanza miongoni mwa hao alikuwa Wilson Pinheiro, mwenyekiti wa chama cha Brasiléia, aliyepigwa risasi katika ofisi ya chama Julai 1980.

Mnamo Oktoba 1985, wagema kutoka pande zote za Amazon walikutana Brasília kwa mara ya kwanza, na hapo likazuka pendekezo jipya. Ardhi ibaki mali ya taifa, wakazi wapewe haki ya kuvuna mpira na kokwa bila kuukata msitu. Waliungana pia na jamii za wenyeji asilia, ambao mababu wa wagema walikuwa wamepigana nao.

Machi 1987, Chico alisafiri hadi Miami kwenye mkutano wa Benki ya Maendeleo ya Mataifa ya Amerika, iliyokuwa ikifadhili barabara kuelekea Acre. Aliwaeleza wakuu wake kuwa fedha zao zilifungua njia ya uharibifu. Mkopo ulisitishwa baadaye. Nje ya nchi alituzwa. Nyumbani wanasiasa na wafugaji walimwita adui wa maendeleo.

Mwaka 1988, mfugaji Darly Alves da Silva alidai sehemu ya Cachoeira, shamba alimokulia Chico. Wagema walimzuia, na serikali ikalitwaa eneo hilo kwa manufaa yao. Vitisho vya kifo vikafuata. Chico aliwaandikia wakuu wa serikali akiwatajia waliotaka kumuua, akapewa polisi wawili wa kumlinda.

Jioni ya Desemba 22, wiki moja baada ya kutimiza miaka 44, walinzi hao walikuwa wakicheza dhumna jikoni kwake. Chico alichukua taulo kwenda kuoga katika bafu lililokuwa nje. Alipofungua mlango wa nyuma, risasi za bunduki zilimpata kifuani. Aliacha mke na watoto wadogo.

Darly na mwanawe Darci walihukumiwa kifungo cha miaka 19 kila mmoja Desemba 1990. Walitoroka gerezani mwaka 1993, na ilichukua miaka mitatu kuwakamata tena.

Machi 1990, serikali ilitenga hifadhi yenye jina lake, yenye ukubwa wa takriban hekta 970,000. Marina Silva, binti wa wagema aliyeshirikiana naye katika vizuizi, na ambaye naye alichelewa kujua kusoma, alikuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2003 hadi 2008 na akateuliwa tena 2023. Ndani ya hifadhi yenyewe, bei duni ya mpira imezifanya baadhi ya familia za wagema kufyeka msitu na kufuga ng'ombe.