William Stairs: mlima ulimrudisha, Katanga ikammaliza

Kila tarehe 20 Desemba, Wayeke hukusanyika Bunkeya, katika jimbo la Lualaba, kumkumbuka Mwami Msiri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Msafara uliomuua uliongozwa na kapiteni mwenye miaka 28, William Grant Stairs.

Stairs alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1863. Alisomea uhandisi, akaingia jeshi la Uingereza, na mwaka 1887 akajiunga na msafara wa Henry Morton Stanley wa kumtafuta Emin Pasha. Katika msitu wa Ituri alichomwa mshale wenye sumu kifuani, akapona.

Mwezi wa sita 1889, msafara ulipopita bonde la Semliki, Stanley alimruhusu ajaribu kupanda Ruwenzori. Aliondoka na watu wapatao 40, wengi wao wapagazi kutoka Zanzibar. Hawakuwa na nguo za baridi, na chakula kilikuwa kidogo. Emin mwenyewe alichoka mapema, akarudi. Stairs alilala mlimani usiku mmoja, na kesho yake akafika karibu mita 3,250. Mbele yake theluji ilionekana, lakini mabonde makubwa yalimkatia njia. Aligeuka, akarudi na mimea aliyookota huko juu. Kilele cha mita 5,109 kilifikiwa mwaka 1906 tu, na Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, aliyekuja na waongozaji wa milima na vifaa kamili.

Safari ya Katanga ilipangwa kwa makini zaidi. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitaka kuwatangulia Waingereza, na Kampuni ya Katanga ikamwajiri Stairs. Katikati ya mwaka 1891 alitoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300, akavuka Ziwa Tanganyika, na tarehe 14 Desemba akaingia Bunkeya.

Lakini jambo moja halikupangwa vizuri: chakula. Wasanga walikuwa wameasi utawala wa Msiri, mvua ilikuwa imeanza, na njaa ilitawala. Msiri alikataa bendera ya Leopold. Siku sita baadaye, kapiteni Omer Bodson alitumwa kumkamata, akampiga risasi. Bodson naye alipigwa risasi na mmoja wa watu wa Mwami, akafa baadaye. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo wajukuu wake hawajui kilipo.

Wiki zilizofuata, njaa na kuhara viliua wapagazi wengi. Stairs, akiwa mgonjwa wa malaria, alirudi kupitia Ziwa Nyasa na mto Zambezi. Alikufa Chinde, Msumbiji, mwezi wa sita 1892, kabla ya kupanda meli ya kurudi nyumbani.

Mukanda-Bantu, mtoto wa Msiri, alirithi kiti chini ya bendera aliyoikataa baba yake. Mwaka 1910, shaba iliyokuwa utajiri wa Msiri ilizaa mji mpya: Élisabethville, Lubumbashi ya leo.