Charles Dotter: Daktari Aliyefungua Njia ya Kuzibua Mishipa ya Ini Bila Kupasua

Na Mwandishi Wetu

Mzazi wa Mbulu au Hanang ambaye mwanawe amerejea nchini akiwa amepandikizwa ini huona kwamba safari ndefu imekwisha. Kwa watoto wengi ndivyo ilivyo. Kwa baadhi, hata hivyo, baada ya miezi au miaka kadhaa tumbo huanza kujaa maji na bandama kuvimba, ilhali ini jipya lenyewe halina ugonjwa. Tatizo ni mshipa uliobanwa.

Mtoto mdogo mara nyingi hupewa kipande tu cha ini la mtu mzima, pengine la mama au baba yake. Kipande hicho kinapokua huweza kujigeuza kidogo na kuukunja mshipa unaotoa damu kwenye ini. Pengine kovu la mshono huubana mshipa mkubwa unaoingiza damu kutoka kwenye utumbo. Damu ikikosa njia, hurudi nyuma. Zamani tiba ingekuwa kupasua upya. Leo mara nyingi tundu dogo la sindano latosha, na asili yake ni mguu wa bibi mmoja wa miaka 82.

Charles Theodore Dotter alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1920. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Cornell, na mwaka 1952 akakabidhiwa idara ya radiolojia ya Chuo cha Tiba cha Oregon mjini Portland, ambayo aliiongoza hadi kufa kwake. Wakati huo daktari wa eksirei alionyesha ugonjwa ulipo. Kuutibu ilikuwa kazi ya mpasuaji. Mwaka 1963, akimpiga mgonjwa picha za mishipa, Dotter alipitisha mrija na kugundua kwamba bila kukusudia ameufungua mshipa uliokuwa umeziba. Jambo hilo halikumtoka akilini.

Tarehe 16 Januari, 1964 aliletewa bibi huyo, ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza na ambaye alikataa katakata kukatwa. Dotter alipitisha waya mwembamba katika ateri ya paja, kisha juu yake mirija, mwembamba kwanza na mnene baadaye, hadi njia ikapanuka. Mguu ukapata joto. Bibi aliishi karibu miaka mitatu zaidi, akitembea kwa miguu yake yote miwili.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Denver, Thomas Starzl alikuwa amejaribu kwa mara ya kwanza kupandikiza ini kwa binadamu. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, naye alifia mezani. Hakuna aliyedhani kwamba kazi za madaktari hao wawili zingekutana siku moja katika ini la mtoto.

Nchini mwake Dotter alionekana kichaa. Alitengeneza vifaa vyake kwa nyuzi za gitaa na nyaya za spidomita, na wapo wapasuaji waliomletea wagonjwa kwa sharti la kupiga picha tu, asitibu. Ulaya walimsikiliza. Andreas Grüntzig, aliyejifunza mbinu hiyo Ujerumani, aliiboresha huko Zurich mwaka 1974 kwa kuweka puto kwenye ncha ya mrija.

Kwa mtoto aliyepandikizwa ini, daktari huingia kwa mshipa wa shingoni, au kupitia ngozi hadi ndani ya ini, akapitisha waya mahali palipobana na kulijaza puto. Pakibana tena, hurudia. Kuacha humo kikoba cha wavu wa chuma, wazo ambalo Dotter alilijaribu kwa mbwa mwaka 1969, hufikiriwa kwa tahadhari, kwa kuwa mtoto hukua na chuma hakikui.

Dotter alikuwa pia mpanda milima. Alivikwea vilele vyote 67 vya Marekani, ukiacha Alaska, vinavyozidi futi 14,000, kila kimoja kirefu kuliko Mlima Hanang, tena baadhi akiwa tayari anaugua saratani ya tezi. Mwaka 1978 alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel, asiipate. Alifariki tarehe 15 Februari, 1985.

Hapa nchini, mafunzo ya tiba hiyo ya kuongozwa na picha yalianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2018, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada yake. Kwa mzazi wa Haydom au Katesh, kipimo cha kwanza ni ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Tumbo likianza kuvimba, au mtoto akitapika damu au kupata choo cheusi, afikishwe hospitali siku hiyohiyo, pamoja na karatasi zote za upandikizaji.