Tatu, mgonjwa wa pumu: Che Guevara na dawa za kifua

Juni ikishaingia, ukungu wa msitu wa Magamba hushuka hadi barabarani na simu za studio hubadilika. Salamu na bei ya karoti hupungua, wasikilizaji huuliza habari za kifua. Kwa nini mmoja anapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo na mwenzake vidonge? Kwa nini Piriton haimsaidii mtoto ambaye kifua kinapiga filimbi? Sisi si madaktari, ila tumeona majibu mengi yanapatikana katika maisha ya mtu mmoja aliyewahi kupita hapa nchini kwa siri, akabeba jina la Kiswahili na ugonjwa wa tangu utotoni.

Ernesto Guevara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Che, alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928. Pumu ilimshika kwa mara ya kwanza Mei 1930, akiwa na takriban miaka miwili, baada ya mama yake kwenda naye kuogelea mtoni siku ya baridi. Wazazi walihangaika mpaka wakahamia Alta Gracia, mji wa vilimani wenye hewa kavu. (Milima yetu ya Usambara ina unyevu, kwa hiyo asije mtu akadhani kila mlima ni dawa.) Shule aliikosa mara nyingi, mama yake akamfundisha nyumbani. Ujanani alicheza raga, na rafiki alisimama kando ya uwanja akiwa na dawa yake ya kuvuta.

Mirija ya hewa ya mgonjwa wa pumu huwa na uvimbe ndani hata siku anazojiona mzima. Ikiguswa na vumbi, moshi wa kuni, chavua, manyoya ya paka au hewa ya baridi, misuli inayoizunguka hukaza, utando wake huvimba zaidi na kohozi zito huziba upenyo uliobaki. Kwa hiyo dawa zina kazi mbili tofauti, kulegeza misuli iliyokaza na kutuliza uvimbe. Anayeifanya ya kwanza tu atapata nafuu leo, kesho atabanwa tena.

Guevara alihitimu udaktari Buenos Aires mwaka 1953, na fani iliyomvutia ilikuwa mzio, yaani aleji. Alifanya kazi katika kliniki ya mzio akiwa bado mwanafunzi, na alipofika Mexico alifanya kazi hiyo hiyo katika Hospitali Kuu ya mji mkuu. Mzio ni kinga ya mwili kukosea adui. Chavua isiyo na madhara inapokelewa kama mdudu hatari, chembe za kinga zinamwaga kemikali iitwayo histamini, na mtu anapiga chafya, macho yanawasha, ngozi inavimba. Dawa kama Piriton na setirizini hukaa mahali ambapo histamini ingejishikiza, basi histamini inakosa pa kufanyia kazi. Ni nzuri kwa mafua ya mzio na kwa kuwashwa. Lakini mtu akibanwa na pumu, histamini ni sehemu ndogo tu ya tatizo, na ndiyo maana Piriton haifungui kifua.

Novemba 1956 aliondoka Mexico na Fidel Castro katika boti ya Granma, watu 82 ndani yake, yeye akiwa daktari wao. Bahari ilipochafuka walitafuta dawa hizo hizo za kuzuia histamini, kwa kuwa baadhi yake hutuliza kichefuchefu cha safari. Hawakuziona. Siku tatu baada ya kufika Cuba walishambuliwa na jeshi, na Guevara akajikuta na mizigo miwili miguuni pake: sanduku la dawa na sanduku la risasi. Viwili hakuweza. Alibeba risasi.

Huko milimani Sierra Maestra ndiko kifua kilipomlipisha. Mapema 1957 alibanwa kiasi cha kushindwa kutembea, mkulima mmoja akatumwa kumtafutia adrenalini, naye akajikokota siku nyingi akishika mti huu kwenda mti ule. Adrenalini hulegeza misuli ya mirija kwa haraka, ila haichagui. Inagonga na moyo pia, mikono inatetemeka, na nguvu yake haidumu. Leo hospitali huitunza hasa kwa mzio mkali wa mwili mzima, kama wa mtu aliyeumwa na nyuki akaanza kuzimia.

Dawa ilipokosekana alivuta moshi wa majani makavu ya mmea wa huko. Duniani kwingi enzi hizo wagonjwa wa pumu walivuta majani ya mnanaha, ambayo yana atropini, kemikali inayozuia amri ya neva ya kukaza mirija. Tunaomba mtu asijaribu: mnanaha ni sumu, na moshi wenyewe unachochea pumu.

Aprili 1965 alifika Dar es Salaam kwa jina la bandia, akaenda Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kuwasaidia waasi wa Kongo. Wacuba walijipa majina ya namba za Kiswahili. Moja na Mbili walikuwa wengine, yeye akawa Tatu, na kijana Mkongo akapewa kazi ya kumfundisha lugha yetu. Miezi saba ya mvua na baridi ya milimani, pamoja na pumu na kuhara, ilimkondesha vibaya. Novemba walirudi ng'ambo ya ziwa wakiwa wameshindwa, na akajificha katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam hadi mwanzoni mwa 1966.

Bolivia ilikuwa mbaya zaidi. Julai 1967 wapiganaji wake waliingia mji wa Samaipata kutafuta dawa, wakarudi bila ile aliyoihitaji. Agosti jeshi likagundua maficho yake na kuchukua akiba ya dawa iliyokuwamo. Alikamatwa Oktoba 8 na kuuawa kesho yake katika kijiji cha La Higuera, akiwa na miaka 39.

Mwaka 1969 salbutamoli iliingia sokoni, dawa inayolegeza mirija bila kuusumbua sana moyo. Ndiyo iliyomo kwenye kile kichupa cha bluu. Ikivutwa hufanya kazi ndani ya dakika chache, ilhali kidonge chake huchelewa na kutetemesha zaidi kwa sababu hupita kwanza tumboni na kwenye damu. Kwa mtoto, mtoa huduma anaweza kuwaonyesha wazazi jinsi ya kutoboa chupa ya plastiki ya nusu lita na kuitumia kama chumba cha kupokelea dawa. Mwaka 1972 ikafuata bekilometasoni, steroidi ya kuvuta ambayo hutuliza ule uvimbe wa ndani. Hii haitoi nafuu papo hapo na hutumiwa kila siku hata kifua kikiwa shwari, jambo ambalo wasikilizaji wetu wengi hulikataa wakidhani kichupa cha bluu kinatosha. Mtu anayekitumia hicho cha bluu karibu kila siku arudi kwa daktari wiki hii hii, asisubiri ukungu upungue.