Farouk wa Misri na Sarafu Iliyookolewa na Karatasi

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha ya Farouk, mfalme wa Misri, ni ithibati ya wasia huo.

Farouk alizaliwa jijini Kairo tarehe 11 Februari 1920. Baba yake, Mfalme Fuad, alipofariki mwezi wa Aprili 1936, kijana huyo alikuwa masomoni Uingereza. Alirejea nyumbani akiwa na umri wa miaka 16, akalakiwa kwa shangwe na umma uliotaraji mengi kutoka kwake. Matarajio hayo yalififia upesi. Mwezi wa Februari 1942, vifaru vya Waingereza viliizingira Kasri ya Abdin, naye akalazimika kumteua waziri mkuu waliyemtaka wao.

Mtawala huyo aliyeshindwa kuwa na kauli ya mwisho nchini mwake alijishughulisha mno na kukusanya vitu. Alikusanya stempu, saa na, zaidi ya yote, sarafu. Sarafu na nishani zake zilifikia takriban 8,500, ilhali wakulima wengi wa bonde la Nile waliishi katika ufukara.

Mojawapo ya sarafu hizo ilikuwa ya dhahabu, ya dola 20, iliyotengenezwa Marekani mwaka wa 1933. Mwaka huo, Rais Franklin Roosevelt aliwapiga marufuku raia kujiwekea akiba ya dhahabu. Kwa hiyo, sarafu 445,500 za toleo hilo hazikuwahi kutolewa kwa matumizi, na karibu zote ziliyeyushwa. Chache ziliibwa kabla ya kufikia tanuri. Moja ilimfikia Farouk mwaka wa 1944. Wawakilishi wake waliomba kibali cha kuitoa Marekani, na Wizara ya Fedha ya nchi hiyo ikakitoa. Muda mfupi baadaye wizi uligunduliwa, lakini sarafu ilikuwa imekwishaondoka.

Tarehe 23 Julai 1952, maafisa wa kijeshi wakiongozwa na Muhammad Naguib na Gamal Abdel Nasser walitwaa madaraka. Siku tatu baadaye, Farouk alijiuzulu na kuondoka Iskandaria kwa meli, akiziacha hazina zake nyuma. Mwaka wa 1954, serikali mpya ilizinadi katika Kasri ya Koubbeh. Marekani iliomba sarafu ile ya 1933 iondolewe mnadani. Iliondolewa, kisha ikatoweka.

Farouk hakuirudia Misri akiwa hai. Alifariki jijini Roma tarehe 18 Machi 1965, akiwa na umri wa miaka 45, na hatimaye akazikwa Kairo.

Hata hivyo, hadithi ya sarafu yake haikuzikwa naye. Mwaka wa 1996, sarafu iliyoaminika kuwa ndiyo hiyo ilinaswa na maafisa wa usalama jijini New York, mikononi mwa mfanyabiashara wa sarafu kutoka London. Kesi iliyofuata ilikaribia kuipeleka kwenye tanuri iliyoliponyoka. Kilichoiokoa ni kile kibali cha mwaka wa 1944. Pande mbili ziliafikiana, na tarehe 30 Julai 2002 ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 7.5, serikali na mfanyabiashara wakigawana mapato. Mnunuzi alitozwa dola 20 zaidi, ili sarafu hiyo ihesabike kuwa imetolewa kihalali. Mwaka wa 2021 iliuzwa tena kwa zaidi ya dola milioni 18.

Dhahabu iliyomo ndani yake ni takriban gramu 30, ambazo mwaka wa 2002 zilikuwa na thamani ya karibu dola 300 tu. Kilichosalia katika bei ile ni uadimu, hali njema na nasaba inayothibitika. Anayenunua sarafu ya kale kama kitega uchumi, basi, hanunui madini pekee, bali pia historia yake na hati zake. Farouk alipoteza kiti cha enzi, kasri na maelfu ya sarafu. Kumbukumbu moja ya ofisini, aliyoombewa na watumishi wake, ilidumu kuliko ufalme wake.