Paul Robeson na Wimbo wa Mto Mkubwa

Askari aliyepiga mwendo usiku kucha, mzigo mgongoni, anaijua kazi ya wimbo: huinua mguu uliokwisha kuchoka. Hayati Paul Robeson hakuwa askari, lakini jambo hilo alilifahamu vyema.

Mmarekani huyu mweusi alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, mjini Princeton. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka angali kijana, hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Paul alisoma Chuo Kikuu cha Rutgers, akang'ara darasani na katika mpira wa Kimarekani, kisha akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923. Ubaguzi wa rangi ulimfanya auache uwakili upesi, akashika uigizaji na uimbaji. Alipoishi London alijifunza hata Kiswahili.

Wimbo uliomtangaza duniani ni "Ol' Man River", muziki wake ukiwa wa Jerome Kern na maneno ya Oscar Hammerstein. Ulitoka katika mchezo wa "Show Boat", ulioonyeshwa New York mwaka 1927. Humo mchukuzi mweusi, kando ya mto Mississippi, anasimulia taabu ya kubeba marobota ya pamba, huku mto ukipita bila kujali. Robeson aliurekodi katika santuri mwaka 1928, akauimba tena katika filamu ya mwaka 1936. Sauti yake ya besi ilishuka kama maji ya kina kirefu, na waimbaji waliomfuata wamepimwa kwake.

Hata hivyo, maneno yenyewe yalimkera. Mchukuzi yule alikuwa amechoka kuishi na anaogopa kufa. Robeson akayaondoa majina ya dharau, na mahali pa uchovu akaweka ahadi ya kupigana mpaka mwisho. Mnamo Januari 1938 alikwenda Hispania, vita vikiwaka, akawaimbia wapiganaji wa kujitolea walioitetea Jamhuri.

Msimamo wake ulimgharimu. Aliusifu sana Umoja wa Kisovieti, na wapo waliomlaumu kwa kuyanyamazia maovu ya Stalin. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Tarehe 18 Mei, 1952, alipanda juu ya lori mpakani mwa Kanada, akaimba, maelfu wakamsikiliza kutoka pande zote mbili. Mwaka 1957 aliwaimbia watu wa Uingereza kwa njia ya simu. Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958, na mwaka 1960 aliwaimbia wajenzi wa jumba la Opera mjini Sydney wimbo ule ule wa mto.

Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976. Alikabidhiwa wimbo wa mtu aliyekata tamaa, akauacha ukiwa wimbo wa mtu asiyesalimu amri.