Bwana Plateau na Picha Zinazotembea

Joseph Plateau alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1801. Alipotimiza miaka 14 alikuwa yatima. Mwaka 1832 alibuni kisahani chenye picha zinazopishana kidogo kidogo, na vipenyo vyembamba ukingoni. Ukikizungusha mbele ya kioo, ukachungulia vipenyoni, picha huonekana zikitembea.

Likizoni, huko kwetu Muyinga, nilikata karatasi ngumu, nikamchora mpiga ngoma mara 12, mkono ukipanda kidogo kidogo, kisha ukishuka. Kumbe, akapiga! Wenzangu hapa Gitega nao wanajaribu.

Plateau akawa kipofu mwaka 1843, lakini akaendelea na utafiti kwa macho ya jamaa zake hata akafariki mwaka 1883. Sinema hakuiona. Basi sisi wenye macho, karatasi na mkasi, tuna udhuru gani?